Mtandao Ukipotea Katikati ya Malipo, Pesa Yako Iko Wapi?

Kuna swali ambalo hutufikia kila siku ambayo mtandao unasumbua. Mteja amelipia tokeni za stima, ameweka nambari ya siri, skrini imezunguka weee halafu ikatulia. Meseji haijaingia. Tokeni pia haijaingia. Anatuuliza: "Sasa pesa yangu iko wapi? Nilipe tena ama ningoje?"

Ni swali la maana, kwa sababu jibu likikosewa linagharimu. Wapo wanaolipa mara mbili, kisha wanakaa siku kadhaa wakifuatilia hela ya mara ya kwanza. Wapo wenye maduka wanaomwachilia mteja aende na unga, sukari na mafuta kwa sababu ameonyesha simu na kusema, "Mtandao uko chini leo, lakini ona, nimetuma." Jioni wakipiga hesabu, hakuna kitu. Na wapo matapeli, ambao hupenda siku kama hizo kuliko siku nyingine zote.

Hapa tutaeleza malipo yako hupitia wapi, yanaweza kukwama sehemu gani, na ufanye nini katika kila hali. Ukiijua njia, hutababaika.

Jina moja, njia mbili

Tumezoea kusema "mtandao umepotea" kwa kila jambo. Simu isipoita, ni mtandao. WhatsApp isipofunguka, ni mtandao. Lakini kwenye simu yako kuna njia mbili tofauti, na moja inaweza kulala huku nyingine ikiendelea na kazi.

Njia ya kwanza ni mtandao wa simu wenyewe, ule unaoonyeshwa na vile vijiti vya mawimbi juu ya skrini. Huo ndio unaobeba simu unazopiga, meseji za kawaida, na ile menyu unayoifungua kwa kubonyeza nyota, nambari kadhaa, kisha reli. Menyu hiyo haihitaji bando. Inafanya kazi kwenye mulika mwizi sawasawa na kwenye simu ya bei ghali. Kinachosafiri ni maandishi machache tu: ujumbe mmoja wa menyu hauzidi herufi 182. Ndiyo maana hata mahali penye mawimbi hafifu mara nyingi unaweza kutuma pesa, ilhali picha moja ya WhatsApp inakataa kufunguka.

Njia ya pili ni intaneti, ile unayoinunulia bando au unayoipata kwa Wi-Fi. Hiyo ndiyo inayobeba programu za simu, tovuti za maduka, Facebook, Instagram na TikTok. Inabeba mizigo mikubwa, lakini ina mengi ya kuharibika njiani: bando kuisha, mnara kulemewa na watu wengi, seva ya duka kuzimika, au kebo kukatika mbali kabisa baharini.

Kwa hivyo siku ukisikia "mtandao umepotea", jiulize kwanza: ni upi?

Pesa ilitangulia, intaneti ikafuata

Hapa Kenya njia hizi mbili hazikuja pamoja, na hilo limeacha alama kwenye biashara zetu hadi leo.

M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Wakati huo hakukuwa na kebo hata moja ya intaneti iliyopita chini ya bahari na kufika pwani ya Kenya. Intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya pole pole. Wengi wetu tuliipata kwenye saiba, tukilipia kwa dakika. Lakini kutuma pesa hakukuingoja intaneti. Kulitumia menyu iliyowekwa ndani ya laini ya simu na ujumbe mfupi uliofichwa kwa siri, juu ya mtandao wa simu uliokuwepo tayari.

Kebo zilikuja baadaye. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa ikitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na Julai mwaka huo huo Seacom ikaanza kutoa huduma. EASSy ikafuata mwaka 2010. Bei ya intaneti ikaanza kushuka, simu zenye intaneti zikaingia mikononi mwa watu, na mwaka 2013 Lipa na M-Pesa ikawapa wenye maduka nambari ya tili ya kupokelea malipo.

Katika nchi nyingi tajiri mambo yalienda kinyume. Duka la intaneti lilikuja, likakuta watu wana kadi za benki, zikaunganishwa. Kwetu, mama anayeuza viatu vya mitumba kutoka Gikomba hakuhitaji tovuti wala kadi. Alihitaji kupiga picha, kuiweka kwenye WhatsApp, na kuandika nambari yake ya simu chini yake. Picha ikapita kwenye intaneti. Pesa ikapita kwenye mtandao wa simu. Bado ndivyo biashara nyingi ndogo zinavyouza hadi leo.

Mpangilio huu una faida kubwa: njia moja ikisumbua, nyingine inaweza kukuokoa. Lakini pia una mtego. Malipo ya kisasa hutumia njia zote mbili kwa wakati mmoja, na moja ikikatika katikati ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Safari ya shilingi mia tano

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: pesa yako haimo ndani ya simu. Simu ni kama rimoti. Salio lako ni hesabu iliyoandikwa kwenye mfumo wa kampuni inayokupa huduma, na shilingi zenyewe, kwa mujibu wa kanuni chini ya Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa ya mwaka 2011, huwekwa benki kwenye akaunti za amana kwa niaba ya wateja. Simu ikizima, ikianguka kwenye maji au ikiibwa, hesabu hiyo haibadiliki. Ndiyo sababu ukirudisha laini yako unakuta salio pale pale.

Kwa hivyo unapolipa, simu yako haitumi pesa. Inatuma agizo. Tuseme unalipa shilingi 500 kwenye tili ya duka. Agizo lako linaondoka na nambari ya tili, kiasi, na nambari yako ya siri. Likifika kwenye mfumo, mfumo unakagua: nambari ya siri ni sahihi? Salio linatosha? Tili hii ipo? Yote yakiwa sawa, unatoa 500 kwako na kuongeza 500 kwa mwenye duka. Kutoa na kuongeza ni tendo moja: ama yote mawili yamefanyika, ama hakuna lililofanyika. Kisha mfumo unatuma meseji mbili, moja kwako na moja kwa mwenye duka, zikiwa na nambari ile ile ya muamala.

Ukinunua kwenye tovuti au programu, safari inakuwa ndefu kidogo. Unabonyeza "lipa". Tovuti inauambia mfumo wa malipo kupitia intaneti: mwombe mtu huyu shilingi 500. Mfumo unakuletea ombi kwenye simu kupitia mtandao wa simu, na kile kidirisha cha kuweka nambari ya siri kinaibuka. Unaweka, malipo yanafanyika. Mwisho, mfumo unarudi kwa tovuti kupitia intaneti na kusema: tayari, amelipa. Hapo ndipo tovuti inaandika kwamba oda yako imekubaliwa.

Umeona? Katika ununuzi huo mmoja, habari imepita kwenye intaneti, ikaruka kwenye mtandao wa simu, kisha ikarudi kwenye intaneti. Kila mahali inapovuka ni mahali inapoweza kukwama.

Sehemu tatu ambapo malipo hukwama

Ya kwanza: agizo halikufika. Umebonyeza, mawimbi yakakatika kabla agizo halijatoka. Hakuna kilichofanyika. Salio lako halijaguswa, na unaweza kulipa upya bila wasiwasi.

Ya pili: malipo yamefanyika, meseji imechelewa. Pesa imetoka kwako na imeingia kwa mwenye duka, ila ujumbe uko kwenye foleni. Hutokea sana nyakati ambazo watu wengi wanatuma kwa pamoja, kama mwisho wa mwezi au mkesha wa sikukuu. Ukilipa tena hapa, umelipa mara mbili.

Ya tatu: malipo yamefanyika, lakini duka la mtandaoni halijapata habari. Meseji ya kutoa pesa unayo, salio limepungua, ila tovuti inasema "haujalipa", au tokeni za stima hazijaingia. Hapa pesa haijapotea. Iko kwenye akaunti ya muuzaji, ila mfumo wake bado haujaiunganisha na oda yako. Kulipa tena hakutasaidia. Kinachosaidia ni nambari ya muamala.

Kwa macho, hali hizi tatu zinafanana kabisa: skrini imeganda na huna unachokitaka. Utazitofautishaje? Angalia salio na taarifa ya miamala yako. Meseji ni mjumbe tu, anaweza kuchelewa njiani. Salio ndilo shahidi.

Na ukiuliza salio, tumia njia nyingine tofauti na ile iliyokwama. Kama ni programu ya simu imeganda, rudi kwenye menyu ya nyota na reli. Kama menyu ndiyo inakataa lakini una Wi-Fi, jaribu programu. Salio likiwa halijapungua, uko kwenye hali ya kwanza. Likiwa limepungua, uko kwenye ya pili au ya tatu, na huna haja ya kulipa upya.

Kuna siku mfumo wenyewe wa malipo unakuwa na hitilafu, na njia zote mbili zinakataa hata kukuonyesha salio. Siku hiyo jibu ni moja: usirudie kubonyeza. Ngoja huduma irudi, kagua, ndipo uamue. Kubonyeza mara tano kwa hasira kunaweza kuwa maagizo matano.

Kebo zikikatika baharini

Tarehe 12 Mei 2024 Wakenya waliamka na intaneti ikawa inavuta miguu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilieleza kwamba kebo chini ya bahari zimekatika upande wa Afrika Kusini, zikiwemo EASSy na Seacom. Kebo ya TEAMS, inayopita upande mwingine kuelekea Ghuba, haikuguswa, na watoa huduma wakaelekeza mzigo huko. Ndiyo maana kwetu intaneti ilipungua kasi badala ya kuzimika kabisa. Miezi miwili kabla yake, tarehe 14 Machi, kebo nne za upande wa magharibi wa Afrika ziliharibika karibu na Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za huko, Ghana, Nigeria na Liberia zikiwemo, zikapata shida kubwa.

Kebo ikikatika, meli maalum hulazimika kwenda hadi mahali penyewe, kuvua ncha mbili za kebo kutoka chini ya bahari na kuziunga. Si kazi ya saa mbili. Inaweza kuchukua siku nyingi, hata wiki.

Je, siku kama hiyo malipo yako yako hatarini? Inategemea habari zako zinalala wapi. Hadi mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake shilingi mia, agizo lilisafiri hadi Ulaya na kurudi. Mwaka huo mitambo ililetwa Kenya. Leo agizo la namna hiyo kutoka Kisumu halihitaji kuvuka bahari, na kebo ikikatika Afrika Kusini, menyu ya nyota na reli inaweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hali ni hiyo hiyo kwa tovuti. Kuna kituo kiitwacho KIXP ambapo kampuni za intaneti za hapa nchini hubadilishana mizigo moja kwa moja. Tovuti ya duka ikiwa kwenye seva ya hapa Kenya, inaweza kukufikia kupitia humo bila kutoka nchini. Ikiwa seva yake iko Ulaya au Marekani, itasuasua pamoja na kebo. Basi siku hizo tarajia hali ya tatu iongezeke: pesa inatoka haraka, lakini jibu la kuifikia tovuti ya muuzaji linakwama njiani.

Ukiwa mnunuzi

Kabla ya kununua kitu mtandaoni siku ambayo intaneti inasuasua, angalia salio lako na ulikumbuke. Itakusaidia kujua baadaye kama pesa imetoka.

Ombi la nambari ya siri likiibuka, soma jina na kiasi kabla ya kuweka. Kama hukuomba kulipa chochote, likatae. Mtu hawezi kukutolea pesa kwa ombi hilo usipoweka nambari ya siri mwenyewe.

Pesa ikitoka na bidhaa haijathibitishwa, usilipe tena. Nakili nambari ya muamala na uitume kwa muuzaji. Kwa nambari hiyo anaweza kuyatafuta malipo yako kwenye taarifa yake hata kama tovuti yake imelala.

Ukiona umetuma kwa nambari isiyo sahihi, omba kurudishiwa mara moja kupitia huduma unayotumia. Kadiri unavyochelewa ndivyo pesa inavyozidi kuwa na nafasi ya kutolewa na aliyeipokea.

Ukiwa muuzaji

Usithibitishe malipo kwa kuangalia simu ya mteja. Meseji iliyo kwenye simu yake inaweza kuwa ya jana, inaweza kuwa ya tili nyingine, inaweza kuwa ameiandika mwenyewe. Picha ya skrini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kuihariri ni kazi ya dakika moja. Angalia simu yako, na meseji ikichelewa, angalia salio la tili yako kupitia menyu.

Kama umeajiri mtu dukani, mpe njia ya kuona malipo yanayoingia bila kumpa nambari yako ya siri. Huduma nyingi za tili zinaruhusu mhudumu kupokea meseji za malipo au kuona miamala bila uwezo wa kutoa pesa. Mhudumu asiye na njia ya kukagua atalazimika kumwamini mteja, na hasara ni yako.

Mteja wa kila siku akikwama kweli, mwandikie kwenye daftari kama deni. Daftari halihitaji mtandao. Pesa ikiingia baadaye, utamfutia.

Na kama unauza mtandaoni, waambie wateja wako mapema cha kufanya tovuti ikiganda. Sentensi moja inatosha: "Ukiwa umelipa na hujaona uthibitisho, usilipe tena, tutumie nambari ya muamala." Mteja aliyelipa mara mbili na kusumbuka kurudishiwa hatarudi, hata kama bei yako ni nzuri.

Matapeli na mtandao mbovu

Mtandao ukisumbua, kila mtu anatarajia mambo yaende kombo. Tapeli anaitumia hali hiyo. Anakutumia meseji ya uongo ya kupokea pesa, kisha anakupigia akilia: "Nimekosea nambari, tafadhali nirudishie, ni pesa ya hospitali." Ukimwambia huoni pesa, anasema mtandao ndio unachelewesha. Usirudishe shilingi kabla ya kuangalia salio. Na hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie wewe mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma yake.

Mwingine atapiga akijifanya mfanyakazi wetu: "Tunarekebisha hitilafu, tutajie nambari ya siri ili muamala wako ukamilike." Hakuna hitilafu yoyote ambayo marekebisho yake yanahitaji nambari yako ya siri. Hatuiulizi kwa simu, kwa meseji wala ofisini. Kata simu.

Ukikwama bado, tuletee mambo manne

Ukishakagua salio kwa njia nyingine, umengoja kidogo, umeongea na muuzaji na bado haijaeleweka, wasiliana na huduma kwa wateja. Uwe na nambari ya muamala kama unayo, kiasi ulicholipa, saa uliyolipa, na nambari ya tili au ya simu uliyoilipa. Kama nambari ya muamala huna, hayo mengine matatu pamoja na nambari ya simu yako yanatutosha kuanza kutafuta, kwa sababu kila agizo lililotufikia lina alama yake kwenye mfumo, liwe limekamilika au limekataliwa. Na kama halionekani popote, basi halikufika, na pesa yako bado iko kwako.